Mwenye mshipa wa bandia, homa usiipuuze

Dada uliyeniandikia kutoka Mombasa kuhusu baba yako mwenye mshipa wa bandia, ujumbe wako nimeusoma nikatetemeka. Homa za jioni, mwili unakonda, kinena kinatoa usaha, na daktari anaandika antibiotiki zilezile. Ni baba yangu mtupu huyo.

Mzee wangu aliwekewa tumboni aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) ya dakroni, yaani kitambaa cha bandia, baada ya mshipa wake kutuna. Alikaa salama miaka mingi. Homa zilipoanza, hospitali ya kwanza hapa Ubelgiji ilisema ni mkojo, halafu mafua, halafu uzee. Uzee! Neno hilo linanichoma mpaka leo. Kila dawa ilipoisha, homa ilirudi, kwa sababu bakteria wakishashika kitambaa kile hujifunika utando kama ukoga wa meno, na dawa haiupenyi vizuri.

Nilikataa kurudi nyumbani mpaka apigwe picha ya CT. Hospitali nyingine ikaipiga, na usaha ulionekana umezunguka mshipa. Daktari wa upasuaji akasema dakroni yote itoke, na mahali pake uwekwe mshipa wa marehemu aliyejitolea viungo vyake.

Mama alilia. Mimi nikasoma usiku kucha. Kumbe daktari wa upasuaji Charles Dubost aliweka aota ya marehemu kule Paris mwaka 1951! Baadaye madaktari wakaiacha, kwani mingi ilipanuka au kukakamaa, na vitambaa vikashika nafasi. Daktari mwenzake wa upasuaji, Édouard Kieffer, huko huko Paris, akairudia tangu 1988 kwa wagonjwa wenye maambukizi kama haya, maana mshipa wa binadamu huyahimili vizuri zaidi kuliko kitambaa. Hapa Brussels kuna benki ya mishipa ya marehemu inayoihifadhi kwenye baridi kali ya nitrojeni.

Siku za chumba cha wagonjwa mahututi naziruka. Mzee leo anatembea kwenda sokoni peke yake, na najivunia kwamba sikunyamaza.

Nawe usinyamaze. Mwambie kila daktari, hata wa meno, kwamba baba ana mshipa wa bandia. Omba CT. Ukiambiwa subiri, omba tena. Akitapika damu au akipata choo cheusi, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, kwani huenda mshipa umetobokea kwenye utumbo. Kama mshipa wa marehemu haupatikani, uliza kuhusu vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya paja lake mwenyewe, au dakroni iliyolowekwa antibiotiki iitwayo rifampisini. Na wakimwekea wa marehemu, asiache kupigwa picha maisha yake yote, maana unaweza kupanuka.

Tunapenda kusema mgonjwa ni wa Mungu, kisha tunaogopa kumsumbua daktari. Msumbue! Aliyempa baba yangu aota simjui jina, lakini familia yake ilikubali ikiwa kwenye msiba. Sisi tunashindwaje kuuliza swali?

Tafuta leo karatasi ya upasuaji wa kwanza, yenye tarehe na aina ya kitambaa. Kesho asubuhi mpeleke nayo.