Nimekatwa shoti bila kuulizwa. Je, ni halali?

Swali

Shikamoo dada. Mimi ni keshia kwenye supamaketi kubwa hapa Dar, nina mwaka mmoja na nusu kazini. Mshahara wangu wa msingi ni 390,000, sina posho yoyote. Mwezi uliopita nimekatwa 118,000 kwa ajili ya shoti, yaani upungufu wa fedha kwenye mashine yangu, na 15,000 nyingine wanayoiita "upotevu wa duka", ambayo tumekatwa wote hadi vijana wanaopanga bidhaa kwenye shelfu. Hakuna aliyeniita kunieleza. Niliona tu jina langu kwenye orodha ambayo meneja huituma kwenye grupu la WhatsApp kila Jumatatu, halafu mshahara ukaingia pungufu. Nilipouliza nikaambiwa nilisaini fomu ya kukubali makato siku ya kuajiriwa. Naingia saa saba mchana natoka saa nne usiku, siku sita kwa wiki, na napewa saa moja ya kula. Baada ya kufunga tunabaki kama dakika 45 tukihesabu fedha. Je, wana haki? Na nikilalamika si nitafukuzwa?

Keshia, Tegeta

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, hawakuwa na haki ya kukukata hata shilingi moja kati ya hizo. Sisemi kwamba keshia halipi shoti kamwe. Analipa, ila kuna njia ya kupita kabla ya kufika kwenye mshahara wake, na mwajiri wako ameiruka yote.

Njia hiyo iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwenye kifungu kinachohusu makato ya mshahara. Mwajiri haruhusiwi kugusa mshahara wako isipokuwa kwa makato yanayotajwa na sheria (mchango wa NSSF na kodi ya PAYE, kwa mfano), makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi wa migogoro, au deni ambalo wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi likatwe. Shoti inaangukia hapo kwenye deni. Na kwa deni linalotokana na hasara, sheria inataka mambo haya yote yawepo kwa pamoja: hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako; upewe kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa; upewe nafasi ya kutosha ya kupinga; usidaiwe zaidi ya hasara halisi; na makato hayo yasizidi robo ya malipo yako ya fedha.

Nianze na robo, maana haina ubishi. Robo ya 390,000 ni 97,500. Wewe umekatwa 133,000. Hata kama shoti ingekuwa yako kweli na umeikubali kwa mikono miwili, wangepaswa kuigawa kwa miezi kadhaa.

Sasa hilo neno "kosa lako". Hapa ndipo makeshia wengi wanapoonewa, na nitakwambia kwa nini nina uhakika: niliwahi kuwaonea mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa afisa rasilimali watu wa duka moja kubwa hapa mjini. Tulikuwa na keshia ambaye kwa wiki tatu mfululizo alikuwa na shoti ndogondogo: elfu nane leo, elfu kumi na moja kesho. Tukamkata. Siku moja nikachukua karatasi za mashine yake nikakaa chini kuzisoma, nikaona kwamba kila siku yenye shoti alikuwa ameuza sana mchele wa mfuko wa kilo 5. Nikaenda kwenye shelfu. Bei iliyobandikwa ilikuwa 17,500, mashine inasoma 18,500. Mteja anagoma kutoa zaidi ya alichokiona kwenye shelfu, foleni imefika hadi kwenye friji za maziwa, kufuta mauzo kunahitaji kadi ya supavaiza na supavaiza yuko stoo. Keshia anapokea 17,500 na mambo yanaendelea. Wateja kumi na mmoja, elfu kumi na moja. Aliyesahau kubadilisha bei kwenye shelfu hakukatwa hata senti. Tulimrudishia fedha zake, lakini alikuwa ameshaitwa mwizi kwa wiki tatu mbele ya wenzake.

Kwa hiyo kabla mtu hajasema shoti ni ya kwako, kuna maswali ya kuuliza. Fedha ya chenji ya asubuhi ilihesabiwa mbele yako ukasaini? Ulipokwenda kula, nani alikaa kwenye mashine yako, na alitumia namba ya siri ya nani? (Maduka mengi supavaiza anaingia kwa namba ya keshia "kuokoa muda". Muda unaokolewa, shoti inabaki na jina la keshia.) Mteja aliyelipa kwa lipa namba, ujumbe ukachelewa kuingia, muamala wake ulihesabiwa kama fedha taslimu? Droo ilihesabiwa ukiwepo, au uliambiwa matokeo kesho yake? Kama hawana majibu, walichonacho ni upungufu kwenye hesabu tu. Kosa lako bado halijaonekana.

Ile 15,000 ya "upotevu wa duka" ni mbaya zaidi. Ukimkata kila mtu sawa, maana yake umekiri kwamba hujui nani amesababisha. Kijana anayepanga sabuni amekosa nini kwa soda iliyoibwa na mteja? Upotevu wa namna hiyo ni gharama ya biashara kama umeme na pango. Kama menejimenti inahisi kuna mwizi ndani, kuna uchunguzi na kikao cha nidhamu. Kumtoza kila mtu ili mwizi awe ndani ya hesabu ni uvivu, na zaidi ya hapo kunamwacha mwizi kazini akiwa amelipa 15,000 tu.

Fomu uliyosaini siku ya kuajiriwa isikutishe sana. Sheria inazungumzia kukubali deni, na siku ile hukuwa unadaiwa chochote. Haiwezekani uwe ulipewa kwa maandishi, mwaka mmoja na nusu kabla, chanzo na hesabu ya shoti ambayo ilikuwa haijatokea. Mwajiri ataileta kama ngao, mimi naiona nyepesi mno.

Umenipa saa zako za kazi kama vile ni habari ya pembeni, lakini nimezipigia hesabu. Saa saba mchana hadi saa nne usiku, ukitoa saa ya kula, ni saa 8. Mara siku sita ni 48. Kikomo cha saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Ongeza dakika 45 za kuhesabu fedha kila usiku, ambazo ni kazi kama kazi nyingine hata kama mlango wa duka umefungwa, unafika saa 52 na nusu. Kwa hiyo kila wiki una saa 7 na nusu za ziada. Mshahara wa mwezi ukigawanywa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa saa 45, saa yako moja ni kama shilingi 2,000. Saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu, yaani 3,000. Saba na nusu mara 3,000 ni 22,500 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 90,000. Bado hatujagusa nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa unayofanya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kama slipu yako haina mstari wa saa za ziada, duka linalokudai shoti ya 118,000 linakuwa na shoti yake kwako, na hiyo inajirudia kila mwezi.

Cha kufanya. Andika barua fupi kwa meneja, nakala rasilimali watu, ukiomba maelezo ya makato yote mawili: chanzo, tarehe, hesabu. Usigombane ndani ya barua. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikaa kimya au wakikataa, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, unajaza fomu namba 1. Mgogoro kama huu una siku 60 tangu ulipotokea, kwa hiyo hesabu kuanzia siku mshahara ulipoingia pungufu, usihesabu kuanzia siku ya barua. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu. Huhitaji wakili. Kama chama cha wafanyakazi cha TUICO kina tawi hapo kazini, anza nao, maana mlikatwa wengi na malalamiko ya wengi hayana jina la mtu mmoja.

Kufukuzwa? Siwezi kukuahidi kwamba hakuna meneja atakayekununia au kukubadilishia shifti. Lakini kudai haki iliyoko kwenye sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kwa kuwa umeshapita miezi sita kazini, una kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Wakifanya hivyo, muda wa kufika CMA ni siku 30, mfupi kuliko ule wa makato.

Na ile orodha ya WhatsApp, ipige picha leo, na tarehe ionekane, kabla meneja hajaifuta. Anaituma kuwaaibisha, lakini ndiyo karatasi yao wenyewe inayoonyesha kwamba jina lako liliwekwa kwenye makato kabla mtu yeyote hajakuuliza kitu.