Banti ya kujitoa: kwanza jiulize unatafuta pointi ngapi

Mkuu, umeuliza kama katika besiboli ya leo kocha bado ana sababu ya kumtoa mpigaji kwa banti, yaani kuugusa mpira taratibu kwa gongo uviringike karibu, ili mwenzake aliye kituoni asogee kituo kimoja. Jibu langu: pointi moja ikitosha kumaliza mchezo, ndiyo. Mapema mchezoni, hapana.

Mimi nimekulia kwenye banti. Dar tulifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, nchi ya Masahiro Kawai wa Yomiuri Giants mwenye rekodi ya banti za kujitoa 533. Mtu akifika kituo cha kwanza bila auti, yaani hakuna aliyetolewa bado, anayefuata anabanti, hakuna mjadala. Na tulishinda. Lakini kilichotupa ushindi hakikuwa kile kituo kimoja. Mpira uliviringika vumbini, mrushaji na mdakaji wakatazamana, mmoja akautupa kwa pupa ukapita juu ya kichwa cha mwenzake, na watu wetu wote wawili wakabaki salama. Tulikuwa tunavuna makosa.

Ligi kuu ya Marekani makosa hayo ni haba. Kati ya 2010 na 2015, mtu akiwa kituo cha kwanza bila auti, timu ilipata wastani wa pointi 0.86 hadi zamu yake ya kupiga katika awamu hiyo kuisha. Akiwa cha pili na auti moja, 0.66. Banti imefanikiwa kabisa na bado umepata hasara! Hata uwezekano wa kupata walau pointi moja hushuka kidogo, toka kama asilimia 42 hadi 40. Zamani waliobanti sana walikuwa warushaji, kwa sababu kupiga kuliwashinda. Tangu 2022 nafasi yao hupewa mpigaji maalumu.

Mambo hugeuka mtu akiwa tayari kituo cha pili, hakuna auti. Kumpeleka cha tatu hupandisha uwezekano wa pointi moja toka asilimia 61 hadi 66 hivi. Na tangu 2020 awamu za ziada za msimu wa kawaida wa ligi hiyo, zile zinazochezwa baada ya tisa kuisha kwa sare, huanza hivyo hivyo, na mtu kituo cha pili. Kama ni sare na wenyeji ndio wanaopiga mwisho, mimi nabanti. Wageni wasibanti, kwa sababu wenyeji bado wana zamu yao ya kujibu.

Halafu mtazame anayepiga. Nusu fainali ya World Baseball Classic 2023, mashindano ya timu za taifa, Japani iko nyuma 5-4 dhidi ya Mexico, awamu ya tisa, watu kituo cha kwanza na cha pili, hakuna auti. Zamu ni ya Munetaka Murakami wa Japani, aliyekuwa ameshatolewa kwa straiki mara tatu siku hiyo. Banti ingeongeza nafasi ya kusawazisha, lakini kocha Kuriyama alimwacha apige kwa nguvu zote. Mpira ukagonga ukuta wa katikati, wote wawili wakaingia, 6-5.

Vijana ninaowasaidia sasa nawafundisha banti kila wiki, na kwao naitumia hata awamu ya kwanza pale mlinzi wa kituo cha tatu anaposimama mbali. Kwa umri wao kuudaka mpira ule na kuutupa sawasawa bado ni kazi ngumu.