Dawa ya siri, stempu ya serikali na daktari wa posta

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mimi ni mfasiri, na sasa ninatafsiri hadithi ya Kiingereza inayotokea London miaka ya 1880. Nimekwama mahali patatu. Kwanza, kuna kisanduku cha vidonge kinachoitwa “patent medicine”. Kamusi inanipa “dawa yenye hataza”. Je, ni sawa? Pili, bei ya kisanduku ni shilingi 1 na peni 1½, nami nikadhani ni kosa la uchapaji, lakini bei hiyo inarudi tena na tena. Tatu, mama mmoja anaandika barua ya ugonjwa wake kwa anwani aliyoiona gazetini, kisha analetewa dawa kwa posta bila mtu kumwona. Hilo liliwezekanaje? – Mfasiri, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Nianze na kamusi, maana hapo imekuingiza mkenge.

Hataza, kwa maana wanayoijua watu wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, ni mapatano. Mgunduzi anaandika waziwazi kitu chake kinatengenezwaje, na serikali inampa haki ya kukitengeneza peke yake kwa miaka kadhaa. Muda ukiisha, kila mtu ruksa. Sasa mtu ambaye utajiri wake wote umesimama juu ya kutojulikana kwa kilichomo chupani, akaandikishe hataza ili iweje? Wauzaji wengi wa dawa hizi hawakuthubutu.

Jina lenyewe ni la zamani kuliko biashara unayoisoma. Wafalme wa Uingereza walikuwa wakitoa hati ya upendeleo kwa watu wachache, na mwaka 1712 Richard Stoughton alipata hati ya namna hiyo kwa dawa yake ya maji ya tumbo. Hati ya mfalme ilikuwa tangazo tosha. Waliokuja nyuma wakalibeba jina, hati wakaiacha. Ilipofika enzi ya Malkia Victoria, walichokilinda ni jina la dawa, umbo la chupa na saini iliyochapwa kwenye lebo, yaani alama ya biashara. Alama ya biashara haikuulizi ndani umetia nini.

Usijilaumu kwa kuchanganyikiwa, kwani hata mahakama ilibidi ilitolee hukumu neno hili. Sheria ya famasia ya mwaka 1868 iliweka masharti ya kuuza sumu, zikiwemo dawa zenye afyuni, lakini ikaziachia “patent medicines” zipite. Wenye maduka ya vyakula wakajificha humo na kuuza Chlorodyne, mchanganyiko wenye mofini (dawa kali ya maumivu itokanayo na afyuni) na kloroform, kaunta moja na chai na sukari. Mwaka 1893 mahakama ikasema neno hilo ndani ya sheria ile ni la dawa zenye hataza kweli, si kila chupa iliyojipa jina.

Kwa hiyo andika “dawa za siri”. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilipochapisha uchunguzi wa maabara wa dawa hizi, kitabu kilibeba jina hilohilo. Usiandike “dawa baridi”, maana Mtanzania ataona duka la mtaani kwake. Na muuzaji wake usimwite mganga wa kienyeji. Mganga humkalisha mgonjwa mbele yake, humtazama na kumuuliza kwao ni wapi. Huyu hajawahi kumwona mteja wake hata mmoja.

Bei yako si kosa la uchapaji. Dawa yenyewe ni shilingi 1, na peni 1½ ni kodi. Kodi ya stempu ya dawa ilianza mwaka 1783, na katika miaka ya hadithi yako kiwango kwa dawa isiyozidi shilingi 1 kilikuwa hicho. Stempu ilikuwa kipande cha karatasi kilichobandikwa kukatiza mfuniko, hata usiweze kufungua bila kukichana. Fikiria macho ya mnunuzi wa wakati ule: karatasi ya serikali iko juu ya dawa, basi serikali imeikubali! Wauzaji hawakuwa na haraka ya kumsahihisha. Baadaye serikali ililazimika kuchapa kwenye stempu yenyewe kwamba haimaanishi dhamana yoyote ya serikali, lakini ni nani husoma maandishi madogo tumbo likiuma? Kodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1941, na sheria ya mwaka huohuo ndiyo iliyowalazimisha wauzaji wa Uingereza kutaja viambato kwenye lebo.

Ukitaka kujua mnunuzi alipata nini kwa fedha hizo, chukua vidonge vya Beecham. Thomas Beecham aliviuza kutoka St Helens, kaskazini mwa Uingereza, akitangaza kwamba kisanduku kina thamani ya gini moja, yaani shilingi 21. Wachunguzi wa mwaka 1909 walikuta ndani shubiri, tangawizi na sabuni. Basi. Malighafi ya vidonge 56 vya kisanduku kimoja, kwa hesabu yao, iligharimu nusu ya robo ya peni. Ukiondoa kodi, mteja alilipa shilingi 1, yaani peni 12, kwa kitu cha sehemu moja ya nane ya peni, mara 96. Nakiri kwamba vilifanya kazi moja kwa uhakika: shubiri inaharisha. Mwalimu wetu wa famasia aliwahi kutuonjesha chembe ya shubiri kavu, kama kioo cheusi cha kahawia, na siku nzima chai haikuwa na ladha mdomoni. Si ngeni pwani yetu pia, kwani sehemu ya shubiri iliyouzwa London enzi hizo ilipitia Zanzibar na Bombay.

Vidonge vya kuharisha ni wizi wa mchana, lakini mteja alibaki hai. Nyingine hazikuwa hivyo. Mrs. Winslow's Soothing Syrup, dawa ya maji ya kuwatuliza watoto wanaoota meno, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1849 na ikafika Uingereza. Ilikuwa na miligramu 65 hivi za mofini katika kila aunsi (kama mililita 30), yaani miligramu 11 katika kijiko kimoja cha chai. Leo, nikiletewa cheti cha mofini ya kunywa kwa mtoto wa kilo 5, sitegemei kuona zaidi ya nusu miligramu, na nitampigia daktari simu kabla ya kuitoa. Mtoto wa enzi ile alinyamaza, mama akashukuru. Wengine hawakuamka. Kama katika hadithi yako kuna mtoto anayelala mno, rudi ukasome tena sura ile.

Sasa barua. Ilikuwa rahisi kwa sababu posta ilikuwa rahisi: tangu mwaka 1840 barua ya nusu aunsi (kama gramu 14) ilikwenda popote Uingereza kwa peni moja, na kodi ya matangazo ya magazeti ilifutwa mwaka 1853. Ila mfano mzuri zaidi uko Marekani, katika mji wa Lynn, Massachusetts. Lydia Pinkham, mama wa nyumbani ambaye mumewe alifilisika, alianza mwaka 1875 kuuza mchanganyiko wa mizizi na mbegu za uwatu kwa maradhi ya wanawake, dola 1 kwa chupa. Sura yake, bibi mtulivu mwenye shela jepesi shingoni, ilichapwa kwenye kila lebo na kila gazeti. Tangazo lilisema: mwandikie Bibi Pinkham, hakuna mwanamume atakayeiona barua yako.

Hapo ndipo penye siri ya biashara yote, na kwa hili sitawacheka walioandika. Daktari wa wakati ule alikuwa mwanamume, alitoza fedha nyingi, na huenda angekupa kalomeli, chumvi ya zebaki iliyolegeza meno. Mama aliyevuja damu miezi mitatu na kuona haya kumwambia hata mumewe alipata mtu wa kumwandikia bila malipo. Jibu lilirudi, na lilikuwa la upole. Liliandikwa na makarani wanawake kwa mashine za taipu, na halikukosa kuitaja chupa.

Chupa ile ilikuwa na alkoholi karibu asilimia 18, ingawa Bibi Pinkham mwenyewe alikuwa mpinga pombe. Watu waliliona hilo kwenye lebo baada ya sheria ya Marekani ya 1906 kulazimisha alkoholi, afyuni na kokeini zitajwe. Kampuni ikaeleza kwamba alkoholi imetiwa ili kuyeyusha na kuhifadhi dawa tu. Bia ya dukani leo ina kama asilimia 5.

Mwaka 1905 mhariri Edward Bok alichapisha katika jarida lake la Ladies' Home Journal picha ya kaburi la Lydia Pinkham. Alikuwa amefariki mwaka 1883. Kwa miaka 22 wanawake walikuwa wakimmwagia marehemu mambo yao ya ndani, na marehemu akiwajibu! Kampuni ilijitetea kwamba Bibi Pinkham anayeandikiwa ni mkwe wake, Jennie. Jarida hilohilo likafichua pia biashara ya barua zenyewe: madalali waliuza barua za wagonjwa kwa maelfu, zikiwa zimepangwa kwa ugonjwa, ili muuzaji wa dawa nyingine ajue nani ana kifua na nani ana tumbo la uzazi.

Jambo moja dogo la kumalizia kazi yako: mhusika wako akichana kipande cha karatasi kabla ya kufungua kisanduku cha vidonge, hicho usikiite lebo. Ni stempu ya kodi, ile ya peni 1½.