Ukiona tangazo la PPG kwa GP wako, jaza fomu

Kila msimu wa baridi lalamiko kwenye kundi letu la WhatsApp ni lile lile: umepiga simu kliniki ya GP, yaani daktari wako wa mtaa, saa mbili asubuhi juu ya alama, umesubiri weee, ulipopokelewa miadi ya siku ile imekwisha. Tunapeana pole, tunatumiana vikaragosi vya kulia, basi. Wakati huo huo, ukutani pale mapokezi pana karatasi inayotafuta watu wa kuingia PPG, yaani kikundi cha wagonjwa kinachokaa na meneja wa kliniki kuzungumzia jinsi kliniki inavyoendeshwa. Mimi nimo kwenye cha kwetu hapa Leicester kwa miaka kadhaa sasa, na ningependa wenzangu tuwe wengi.

Kwa England (Scotland na Wales wana taratibu zao), tangu Aprili 2015 mkataba wa NHS, huduma ya afya ya serikali, unaitaka kila kliniki ya GP iwe na kikundi hiki, tena ifanye juhudi ili waliomo wafanane na wagonjwa wake. Hiyo sehemu ya pili ndiyo yako. Mtaa una Wagujarati, Wasomali, Wakongo na Wazanzibari, halafu kikao kizima ni wastaafu wa Kizungu na sahani ya biskuti. Meneja mwenyewe anajua pamepungua kitu, na wakaguzi wa CQC, chombo kinachokagua huduma za afya, wakija huwa wanazungumza na wanakikundi. Kwa hiyo usiingie kama mtu aliyefanyiwa hisani.

Kujiunga ni rahisi kuliko kupata miadi. Uliza mapokezi au tafuta fomu kwenye tovuti ya kliniki. Cha muhimu ni kuwa umesajiliwa pale. Na kusajiliwa kwenyewe hakuhitaji pasipoti, viza wala bili ya umeme yenye anwani yako. Kama kuna jirani aliyerudishwa mlangoni kwa sababu hiyo, umeshapata ajenda ya kikao chako cha kwanza. Unafanya zamu za usiku? Vikundi vingi vina wanachama wa barua pepe tu, wanatumiwa maswali na kujibu wakipata nafasi. Kiingereza chako kinatosha. Wakianza kutaja ICB (bodi inayosimamia huduma za afya za eneo) na PCN (mtandao wa kliniki za jirani), waambie wafafanue, utaona na wale wastaafu wanashusha pumzi.

Kikao si mahali pa kueleza goti lako wala jinsi daktari fulani alivyokujibu. Malalamiko yako binafsi yana njia yake: meneja wa kliniki, au ICB ya eneo lako, na usiporidhika unakwenda kwa Ombudsman wa afya, mchunguzi huru wa malalamiko. Ukiyaleta kikaoni watu wanaona haya, na siri zako zinabaki mezani pa majirani.

Kinachofanikiwa ni jambo dogo lenye mwisho. Chukua chanjo ya mafua ya watoto, ile ya kupuliza puani. Ina gelatini ya nguruwe, na kina mama wengi wa Kiislamu wakilijua hilo wanakataa chanjo moja kwa moja. Ipo sindano isiyo na gelatini hiyo, lakini mpaka uiombe, na utaombaje usichojua kama kipo? Wa shule huchanjwa shuleni. Wa miaka miwili na mitatu huchanjwa kliniki, kwa hiyo hao walikuwa wetu. Tuliomba ujumbe wa simu unaotumwa kwa wazazi uongezwe sentensi moja ya kutaja sindano. Nesi alikubali palepale, na ujumbe ukabadilika msimu uleule. Haikugharimu chochote.

La wakalimani lilichukua muda. Mkalimani wa NHS ni bure, hilo wengi wetu tunalijua. Lakini kwenye faili la mgonjwa lugha imeandikwa Kiswahili, nukta. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, akawa anaunganishwa kwa simu na mkalimani mwenye Kiswahili sanifu safi kabisa, naye anashika nusu, na nusu nyingine ndiyo yenye vipimo vya dawa. Akaacha kuomba mkalimani, akawa anamtoa binti yake shule aje amtafsirie. Fikiria mtoto anayetafsiri habari za kizazi cha mama yake! Tuliomba iandikwe Kiswahili cha Kongo, na kwa wazee wa Kismayo, Somalia, Kibajuni. Tukaambiwa orodha ya kompyuta haina chaguo hilo. Katika kikao kilichofuata mtu wa mapokezi, si meneja, ndiye aliyetoa jibu: dokezo linalojitokeza kila faili likifunguliwa, likisema mkalimani wa aina gani na kwamba miadi iwe ya muda maradufu. Ndiyo maana nasema mwombe mtu wa mapokezi ahudhurie, kwa sababu yeye ndiye anayeona kila kitu.

Kuhusu simu za asubuhi, usiishie kusema "simu hazipokelewi." Uliza takwimu: wangapi walipiga wiki jana kati ya saa mbili na saa tatu, na wangapi walikata kabla ya kupokelewa. Mitambo ya simu ya siku hizi inahesabu hayo. Tangu Oktoba 2025 kliniki zinatakiwa kuacha fomu ya mtandaoni wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni kwa mambo yasiyo ya dharura, lakini bibi asiye na simu janja bado ana haki ya kupiga au kufika mlangoni. Hakikisha tangazo la mapokezi linasema hivyo.

Kuna mtego mmoja. Watakuuliza, "Jamii yenu inaonaje?" Jamii gani hiyo? Mzanzibari wa msikitini na Mkongo wa kanisa la Jumapili wanaweza kutofautiana kuliko mimi na wale wastaafu. Huwa najibu kwamba nitakwenda kuuliza, na kweli nauliza, halafu narudi na majibu yanayogongana. Wakikupa na kazi ya kutafsiri vipeperushi bure, kataa kwa adabu. Hiyo ni kazi ya kulipwa. Na harambee za kununua vipima presha mimi sizipendi, ingawa wenzangu wanazifurahia.

Mwisho wa kikao hakikisha muhtasari umeandika nani atafanya nini na lini. Kikao kikiahirishwa mara ya pili, mwandikie meneja barua pepe ukiuliza tarehe mpya. Mkataba unamtaka awe na kikundi, si jina la kikundi kwenye tovuti.