Tovuti ya kurasa tano: wiki moja inatosha?

Mkuu, umesema fundi amekuahidi tovuti ya kurasa tano ndani ya wiki moja, nawe hujui umwamini au la. Kazi yake yeye inaweza kuisha kwa wiki. Ila tovuti iliyokamilika na kuwa hewani ndani ya wiki nimeiona mara moja tu, na mteja yule alileta maandishi na picha zote kabla sijagusa kitu.

Kusajili jina la tovuti ni dakika chache. Kuweka WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) kwenye seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, kuchagua kiolezo (muundo uliotengenezwa tayari) na kupanga menyu ni siku moja au mbili. Cheti cha usalama cha HTTPS, kinacholinda taarifa zinazopita kati ya tovuti na msomaji, hupatikana bure kwa shirika la Let's Encrypt, na seva nyingi hukiweka zenyewe. Kurasa zenyewe, siku tatu au nne.

Muda unaliwa na maneno na picha. Niliwahi kumtengenezea tovuti mwenye karakana ya samani. Siku ya sita muundo ulikuwa tayari, lakini ukurasa wa "Kuhusu sisi" ulikaa mtupu wiki saba. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa na oda za watu, na kuandika kuhusu kazi yako mwenyewe ni kugumu kuliko kuifanya. Picha nazo alizituma kwa WhatsApp, zikafika zimebanwa, na nilipozitandaza juu ya ukurasa zikawa na ukungu. Ikabidi tupige upya. Tangu hapo namhoji mteja kwa simu kama saa moja, naandika mimi, yeye anasahihisha. Kusahihisha humchukua jioni moja.

Kingine kilichonitesa ni jina la tovuti. Kama unalo tayari, angalia leo hii limesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Mteja wangu mwingine lake lilikuwa kwenye akaunti ya fundi wa zamani ambaye hapokei simu, na tulihangaika karibu mwezi mzima kulirudisha. Hata ukishalielekeza kwenye seva mpya, seva za DNS, zile zinazoonyesha jina la tovuti liko kwenye seva gani, huhifadhi anwani ya zamani kwa muda, ndiyo maana watu huambiwa wasubiri hadi saa 48. Wewe utaona tovuti mpya, mwenzako aone ya zamani. Siku hiyo usitangaze chochote.

Ukitaka kuuza na kupokea malipo humo humo, sahau wiki. Mimi huomba miezi miwili, kwa sababu mtoa huduma wa malipo hukagua kwanza nyaraka za biashara, na hapo fundi hana la kuharakisha.

Kwa hiyo muulize fundi wako wiki yake inaanza kuhesabiwa lini: siku unayolipa, au siku anayopokea maandishi na picha. Akisema ya pili, anza kupiga picha kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, na umtumie mafaili yenyewe kwa barua pepe.