Nondo zimevamia, au nondo wamevamia?

SWALI: Nimesoma taarifa isemayo "nondo zimevamia mahindi." Aya iliyofuata ikamwita mdudu huyohuyo "kiwavijeshi." Ni mdudu mmoja au wawili? Na ni "zimevamia" au "wamevamia"?

JIBU: Nondo zinazosemwa kwa "zi" ni zile za fundi ujenzi: nondo hii, nondo hizi. Mdudu ni nondo huyu, nondo hawa. Umbo la neno ni lilelile, kwa hiyo upatanisho ndio unaotuambia kinachozungumzwa. Mwandishi wako amepeleka vyuma shambani.

Lakini hata angeandika "nondo wamevamia," sarufi ingesimama na ukweli ungeyumba. Nondo mzima hafyonzi ila utamu wa maua. Hana meno ya kutafuna jani. Anayetafuna ni mtoto wake, kiwavi. Ni mdudu mmoja, majina yanafuata umri. Kwa kiwavijeshi vamizi, jike hutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi 100 hadi 200 kwa fungu, nayo huanguliwa baada ya siku 2 au 3. Kiwavi akikua utamjua kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Basi andika "viwavijeshi wamevamia mahindi." Si "vimevamia": ki-/vi- ya kiwavi haimwondoi katika viumbe hai, kama isivyomwondoa kipepeo.

Wengine humwita buu au funza. Mimi buu namwachia mtoto wa nzi, asiye na miguu, kiwavi anayo.

Baadaye kiwavi huingia udongoni akawa pupa. Neno hilo la Kilatini limeangukia pabaya kwetu, maana sisi pupa ni ile ya kula kwa pupa, na pupa wa vitabuni hali chochote! Hujilalia tu, kahawia, siku 8 au 9 hivi kukiwa na joto, kisha hutoka nondo wa rangi ya kijivu na kahawia. Dume ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele.

Huyo wataalamu wa kilimo humwita "nondo wa kiwavijeshi." Ukilipima, ni sawa na kusema "kuku wa kifaranga." Hata hivyo nalikubali, kwa sababu mkulima akilisikia anajua mara moja ni nondo yupi wa kumtegea mtego.