Kwa wadogo zangu mnaoanza Uchumi: anzeni na ndoo ya maji ya Newala

Msimu wa kwanza niliporudi nyumbani Newala na shahada yangu, chama chetu cha msingi cha ushirika kiliniweka kwenye meza ya kuandika. Siku ya mnada wa korosho sanduku la zabuni lilifunguliwa mbele ya wakulima, chini ya mwembe, na barua za wanunuzi zikasomwa moja baada ya nyingine. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu akaniinamia. "Mwanangu, wewe umesomea mambo haya. Mwaka jana bei ilikuwa juu, mwaka huu imeshuka. Korosho ni ileile, mikorosho ni ileile. Imeshuka kwa nini?"

Nikamjibu kama nilivyojibu mitihani: uhitaji umepungua, ugavi umeongezeka. Akanitazama kwa subira. "Hayo ni majina yake. Mimi nimekuuliza kwa nini."

Nimebaki na neno hilo mpaka leo. Sasa jioni nawafundisha vijana wa kidato cha tano na sita wa EGM, HGE na ECA, michepuo yenye somo la Uchumi, na wachache walioingia mwaka wa kwanza chuoni. Madaftari yao ninayajua kabla sijayafungua: maana za maneno, kurasa kwa kurasa, na chini ya kila maana jina la Mzungu na mwaka. Wamekariri majibu, lakini swali lililozaa kila jibu halimo. Kila nadharia mtakayoikuta ilitoka kwa mtu aliyekuwa anasumbuliwa na jambo, mahali fulani, wakati fulani. Ukijua kilichomsumbua, nusu ya nadharia umeshaielewa, na utaona pia inapokwama.

Mfano ninaoupenda ni maji. Mwaka 1776 Adam Smith, Mskoti, aliandika juu ya jambo la ajabu: hakuna kitu chenye faida kuliko maji, lakini maji hayanunui karibu chochote, almasi haina matumizi ya maana, lakini inanunua mali nyingi. Akatenganisha thamani ya matumizi na thamani ya kubadilishana, kisha akaenda kuitafuta thamani kwenye kazi ya mikono. Fumbo lenyewe likabaki karibu miaka 100. Wakalifungua watu watatu, kila mmoja kwao: Jevons Uingereza na Menger kule Vienna, wote mwaka 1871, kisha Walras kule Lausanne mwaka 1874.

Mtoto wa Newala hahitaji almasi kuelewa walichokiona. Tupo juu ya uwanda wa Wamakonde, maji yako chini sana, wazee wetu walishuka mabondeni na kupanda tena na vyombo kichwani. Bibi yangu alikuwa na kisima cha kuvunia mvua inayotiririka kutoka kwenye bati. Kisima kikijaa wakati wa masika, ndoo ya kwanza ilikuwa ya kunywa na kupika, nyingine ya kuoga, nyingine ya kufua, na ya mwisho kabisa alimwagia mche wa mwembe uani. Ukimpelekea ndoo ya kumuuzia siku hiyo, atakupa nini? Thamani ya kumwagilia mche, basi. Mwezi wa kumi kisima kimekauka, ndoo ni moja, nayo ni ya kunywa. Hapo atafungua pindo la khanga akulipe bila kubishana. Maji hayajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kazi inayofanywa na ile ndoo ya mwisho, na bei hutokana na hiyo ya mwisho, si jumla ya faida zote za maji duniani. Vitabuni mtaikuta kwa jina zito. Ninyi ikumbukeni kama ndoo ya mche.

Sasa rudini kwa yule mzee. Korosho yetu nyingi huuzwa ghafi, inakwenda India na Vietnam kubanguliwa. Sisi tunavuna kuanzia Oktoba. Ivory Coast na wenzake wa Afrika Magharibi huvuna nusu ya kwanza ya mwaka. Ikiwa maghala ya wabanguaji yamejaa tayari, tani inayotoka Mtwara ni ndoo ya mche. Yakiwa yana nafasi na mashine zinasubiri, ni ndoo ya kunywa. Hilo ndilo ningemwambia. Naye angeniuliza swali la pili, la nani anajua maghala yamejaa na nani hajui, ambalo pia ni uchumi na ni gumu zaidi.

Alfred Marshall, Mwingereza, mwaka 1890 alizikutanisha pande mbili, gharama za mzalishaji na matakwa ya mnunuzi, akasema kubishana upande gani unaweka bei ni sawa na kubishana ni ubapa upi wa mkasi unaokata karatasi. Mchoro wenu wa mistari miwili inayopishana, wa uhitaji na wa ugavi, umetokea huko. Bei inakaa kwenye mhimili wa wima, msisahau, watu wanapoteza alama hapo.

Vitabu vingi vinaanza historia Ulaya, na mtu wa Lindi au Mtwara anasoma kana kwamba mambo haya yalikuwa mbali naye. Ibn Khaldun wa Tunis alishaandika mwaka 1377 kwamba dola changa hutoza kodi ndogo ikapata mapato makubwa, na dola iliyochakaa hutoza kubwa ikapata kidogo. Na Kilwa Kisiwani, ndani ya mkoa wa Lindi, masultani walikuwa wakigonga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Smith. Utajiri wa Kilwa ulitokana na kushika njia ya dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Mwaka 1505 Wareno walikuja na merikebu na mizinga wakaupora mji, maana Ulaya ya zama zile iliamini utajiri wa taifa ni dhahabu iliyomo hazinani, na njia ya kuipata ni kumzidi jirani. Wazo hilo ndilo Smith alilokuja kulipinga. Alisema utajiri ni vitu ambavyo kazi ya watu wa nchi inazalisha kila mwaka. Ukisoma habari zake huku umewahi kusimama kwenye magofu ya Kilwa, hutahitaji mtu akueleze alikuwa anabishana na nini.

Smith anajulikana pia kwa kiwanda cha pini: watu 10 waliogawana kazi walitoa pini 48,000 kwa siku, wakati mmoja peke yake asingefikisha hata 20. Nendeni mkawaangalie akina mama wanaobangua korosho. Mmoja anakaanga, mwingine anapasua ganda, mikono imepakwa majivu kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, mwingine anamenya lile ganda jembamba la ndani, mwingine anatenga nzima na zilizovunjika. Mtaona mgawanyo wa kazi, na mtaona kitu kingine ambacho Smith huyohuyo alikiandika lakini mitihani haikiulizi: mtu anayerudia tendo moja maisha yake yote, akili yake inadumaa. Msimsome nusu.

Kwa David Ricardo, mchumi wa Uingereza, kaeni muda mrefu, na kalamu mkononi. Mwaka 1817 alitoa hesabu hii. Ureno inahitaji watu 80 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo na 90 kwa kiasi fulani cha nguo. Uingereza inahitaji 120 kwa mvinyo uleule na 100 kwa nguo ileile. Ureno ni hodari kwa vyote viwili. Je, ina sababu ya kununua chochote Uingereza? Wengi wanajibu hapana, nami nilijibu hapana. Hesabuni: Ureno ikitengeneza mvinyo kwa watu 80 na kuubadilisha na nguo, imeokoa kazi ya watu 10. Uingereza ikitengeneza nguo kwa watu 100 na kuibadilisha na mvinyo, imeokoa kazi ya watu 20. Wote wamepata. Swali si nani hodari kuliko mwenzake. Kila mmoja anajiuliza anaacha nini ili afanye hiki. Rudieni hesabu hiyo mpaka muweze kumfundisha mtu bila karatasi.

Kisha mwulizeni Ricardo swali la kwetu. Kama India na Vietnam ni hodari kubangua, na sisi hodari kulima, basi tuuze ghafi milele? Hesabu yake inachukua uwezo wa leo kama ulivyo, haisemi uwezo ulipatikanaje. Mjerumani Friedrich List alilishika jambo hilo mwaka 1841: viwanda vichanga vinahitaji kulelewa. Lakini msimkumbatie List haraka. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 tulijenga viwanda vya kubangua kwa mikopo, na vingi vikaja kusimama, vingine vikageuka maghala. Mwenye kusema viwanda vijengwe, na mimi ni mmojawapo, lazima aeleze vile vya mwanzo vilishindwa na nini.

Na hapo kuna zoezi ninalowapa wote. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha korosho karibu tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 haikufika tani 20,000. Elezeni. Mwenye kumpenda Marshall anasema bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na kweli ilikuwa ndogo. Mwingine anasema operesheni ya vijiji iliwahamisha watu wakaacha mikorosho porini, na kweli waliiacha. Wa tatu, bwana shamba, anasema ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua mpaka leo tunaupulizia salfa. Naye kasema kweli. Mkiandika sababu moja tu mtapata alama za kupita, lakini hamjaelewa kilichowapata babu zenu. Sababu hizi zilishikana: asiyepata bei hapalilii, na mkorosho uliotelekezwa mbali na nyumba unalea ugonjwa.

Nitasema na la kangomba, yaani kuuza korosho mapema nje ya mnada kwa bei ya kutupa, kwa sababu linaniuma. Kuna msomi mmoja, nilimsikia kwa masikio yangu, alisema wakulima wanaouza korosho ikiwa bado maua hawajui hesabu. Mama jirani yetu aliuza hivyo, kwa kipimo cha bakuli, chini ya nusu ya bei ambayo angepata mnadani miezi minne baadaye. Alijua bei ya mnada kuliko yule msomi. Mtoto wake alikuwa amelazwa, na hapakuwa na mtu wa kumkopesha kwa riba anayoiweza. Alinunua muda, na muda kwa asiye na dhamana ni ghali. Kabla hamjaandika kwamba mtu hana akili ya biashara, tafuteni mlango uliofungwa nyuma yake.

Keynes, Mwingereza mwingine, mtamfikia mwisho. Swali lake lilikuwa foleni za watu wasio na kazi baada ya mdororo ulioanza 1929. Marekani mwaka 1933 karibu robo ya wafanyakazi hawakuwa na ajira. Waliomtangulia walisema mishahara ikishuka, ajira zitarudi. Mwaka 1936 akajibu kwamba matumizi ya huyu ndiyo mapato ya yule, kwa hiyo wote wakibana, wote wanaanguka. Angalieni mjini Newala malipo ya korosho yanapochelewa: fundi cherehani amekaa, bodaboda zimepaki, duka la bati halina mtu, na hakuna hata mmoja wao mwenye mkorosho. Miaka ya 1970 bei za mafuta zilipopanda, mfumuko wa bei na ukosefu wa ajira vikaja pamoja, na majibu ya wafuasi wake yakakwama. Swali jipya, basi, na mlolongo ukaendelea.

Hisabati msizikimbie, hasa mwaka wa kwanza, maana mteremko wa mstari ndiyo ile ndoo ya mwisho iliyoandikwa kwa alama. Na kila nadharia ielezeni kwanza kwa Kiswahili, kwa mtu wa nyumbani, ndipo mkaiandike kwa Kiingereza cha mtihani. Mkikwama kwenye Kiswahili, tatizo si lugha.

Kazi ya kuanzia ni hii. Walio Mtwara mjini waende feri, wa Lindi waende ufukweni wavuvi wanakoshushia. Andikeni bei ya dagaa kila asubuhi kwa mwezi mzima, usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, dagaa wanapokataa kufuata taa. Andikeni pia nani alinunua na alikuwa anawapeleka wapi. Mkija na daftari hilo, tutaanzia hapo.